Mombasa hadi London: upitie Nairobi, Addis Ababa, Istanbul au Dubai?

Mstari mfupi kabisa unaoweza kuuvuta juu ya uso wa dunia kutoka Mombasa hadi London una kilomita 7,240 hivi. Ndege kubwa ya abiria ikishatulia angani huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Gawanya, ongeza muda wa kupanda na kushuka, unapata saa tisa kasoro. Ila saa hizo tisa hakuna anayeziuza. Abiria wa kawaida wa Mombasa hana ndege ya ratiba inayomchukua Uwanja wa Moi na kumshusha Heathrow bila kubadilisha. Lazima aunganishe mahali, na ni hapo pa kuunganishia panapoamua kama atafika na nguvu zake au atafika hoi.

Nyumba nyingi za Mji wa Kale, Majengo, Kisauni na Likoni huwa na mtu wa kusafirishwa: mama anayekwenda kumtazama mwanawe aliyejifungua, kijana aliyepata chuo, mjomba anayerudi kazini. Mazungumzo huanza na bei, na mara nyingi huishia hapo hapo. Nasema bei ije ya pili. Kwanza hesabu saa zote, tangu unapofunga mlango wako Mombasa hadi unapofunguliwa mlango London. Halafu uliza kama safari nzima imo kwenye tiketi moja. Ukishapata majibu ya hayo mawili, ndipo tofauti ya bei utajua inakununulia nini.

Hizi hapa ni njia tano ambazo mtu wa Mombasa anaweza kuzipata. Kilomita ni za mstari mfupi kati ya viwanja, zimekadiriwa. Saa ni za ndani ya ndege tu, bila kusubiri.

| Kupitia | Kilomita | Ziada juu ya 7,240 | Saa za ndegeni |
|---|---|---|---|
| Nairobi | 425 + 6,840 = 7,265 | 25 | 10 hivi |
| Addis Ababa | 1,440 + 5,920 = 7,360 | 120 | 10 na kidogo |
| Frankfurt | 6,710 + 650 = 7,360 | 120 | 10 na nusu hadi 11 |
| Istanbul | 5,155 + 2,490 = 7,645 | 405 | 11 hivi |
| Dubai | 3,675 + 5,500 = 9,175 | 1,935 | 13 na kidogo |

Nairobi, kama unavyoona, iko njiani hasa. Kupitia bara hakukuongezei hata kilomita 30. Dubai nayo inakupeleka kaskazini mashariki, kisha inakurudisha kaskazini magharibi, na unalipa karibu kilomita 2,000 za ziada. Lakini tazama tena safu ya mwisho. Hizo kilomita 2,000 ni saa tatu tu za ndegeni. Kusubiri ndiko kunakokula muda. Mtu aliyepewa Nairobi ya kukaa saa kumi na mbili kwenye viti vya uwanjani atafika London nyuma ya aliyepita Dubai akasubiri saa tatu. Kwa hiyo usikubali kuambiwa njia fulani ni fupi kabla hujaona saa ya kutua na saa ya kuruka tena, zote mbili, zimeandikwa.

Hata marubani hawaufuati mstari huo mfupi. Ukiuchora kwenye ramani kutoka Kenya hadi Uingereza utaona unapita juu ya Sudan na Libya. Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023, anga yake ilifungwa kwa ndege za abiria, na anga ya Libya mashirika mengi yamekuwa yakiikwepa kwa miaka. Ndege zikazunguka. Ndiyo sababu aliyesafiri zamani atakwambia Nairobi hadi London ilikuwa saa nane na nusu, nawe tiketi yako inaonyesha inakaribia tisa au imezifikia. Upepo nao una lake: kule juu Ulaya huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo kurudi nyumbani huwa ni kwepesi kidogo kuliko kwenda.

Nairobi, na masharti yake

Kwa watu wengi wa Mombasa hii ndiyo njia, nami naitetea, mradi iwe tiketi moja. Kenya Airways inaruka Mombasa hadi Nairobi mara kadhaa kwa siku na ina ndege yake kwenda Heathrow. Mizigo yako inafungwa lebo ya London hapa hapa Mombasa. Ukishuka Nairobi unatoka jengo la 1D, la safari za ndani, unakwenda 1A la safari za nje, unapigwa muhuri wa uhamiaji, basi. Saa mbili za kuunganisha zinatosha siku njema. Mimi ningetafuta tatu.

Tuseme umeondoka Mombasa saa kumi na mbili asubuhi, ukatua Nairobi saa moja, na ndege ya London ikaondoka saa tatu. Saa tisa za angani zinakufikisha saa kumi na mbili jioni kwa saa ya Kenya. London wakati huo ni saa tisa alasiri majira ya baridi, saa kumi majira ya joto, maana Waingereza husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, ilhali sisi hatusogezi kitu. Weka saa moja ya barabara kutoka Nyali, saa mbili za kuwahi uwanjani, saa moja ya uhamiaji na mizigo Heathrow, saa moja ya kuingia mjini. Mlango hadi mlango ni saa kumi na saba, na bado unafika mchana, watu wako macho, gari la kukupokea halijalipiwa bei ya usiku. Hakuna njia nyingine inayokaribia hapo bila bahati nzuri ya ratiba.

Hiyo saa moja ya barabara usiipunguze. Makupa, Kibarani na Changamwe ndiyo njia ya malori ya bandari, na lori moja likiharibika pale foleni hufika mbali. Wa kusini, wa Likoni na Diani, alikuwa na feri ya kuhesabu. Sasa barabara ya Dongo Kundu inamtoa upande wa Miritini bila kuvuka, na kwa mwenye ndege ya alfajiri ningesema ashike hiyo. Wa Diani ana jingine zuri zaidi: Ukunda kuna ndege za kwenda Nairobi, na akiipata yenye saa zinazokubali anaondoka bila kuuona mji wa Mombasa kabisa.

Kitu kinachonifanya niipende zaidi njia hii kwa wazee ni aina ya ndege. Safari ya London ya Kenya Airways hufanywa na Dreamliner, Boeing 787. Hewa ndani yake huwekwa kama ya mtu aliye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, wakati ndege nyingi za zamani huifikisha kama ya mita 2,400. Sisi wa pwani tumezoea hewa nzito ya usawa wa bahari, na kwa mzee mwenye presha au kifua, saa tisa katika hewa iliyo afadhali huonekana kwenye uso wake akishuka.

Masharti yanaanza pale mtu anapokata tiketi mbili. Unaona bei nzuri ya Nairobi hadi London ya usiku, ya British Airways au ya shirika jingine, unaichukua, halafu unajitafutia mwenyewe kipande cha Mombasa hadi Nairobi kwa Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways iliyoanza 2014 kwa ajili ya nauli nafuu. Kila kimoja ni chema peke yake. Vikikaa pamoja kwenye tiketi mbalimbali, ndege ya kwanza ikichelewa ya pili haikungoji, nawe huidai chochote, kwa sababu kwenye karatasi za shirika lile wewe ni mtu ambaye hakutokea. Tiketi ya London imekufa. Tena nauli ya chini kabisa ya ndege nafuu huwa ya mkoba wa mkononi peke yake, na sanduku la kilo 23 ulilopewa bure na shirika la London utalilipia kivyake hadi Nairobi. Ukijumlisha sanduku, teksi na chakula cha kusubiri, ile bei nzuri huwa imeshaliwa nusu. Ukitaka kwenda hivyo, weka saa sita kati ya kutua na kuruka, wala usiwe na haya ya kuonekana mwoga.

Je, treni?

Wengi huuliza, na swali lina maana, kwa kuwa kituo cha Nairobi cha SGR, reli mpya inayotoka Mombasa, kipo Syokimau, jirani na uwanja wa ndege kuliko hata katikati ya mji. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni shilingi 1,500 na la kwanza 4,500. Familia ya watu watano wenye masanduku inaokoa fedha ya kuhesabika.

Treni ya saa mbili asubuhi kutoka Miritini, kituo cha Mombasa, husimama Mariakani, Voi, Mtito Andei, Emali na kwingineko, na hukufikisha mapema alasiri. Ile ya saa tisa alasiri ni ya moja kwa moja, ya saa tano na kitu, na hukufikisha usiku. Kwa ndege za London zinazoondoka karibu na saa sita usiku, treni ya saa tisa inawezekana kwa makaratasi, nami simshauri mtu. Teksi itafutwe, mizigo ipite ukaguzi, kaunta zifungwe saa moja kabla ya kuruka, na treni ikisimama hata kidogo katikati ya Tsavo huna pa kushuka. Panda ya saa mbili asubuhi. Utapata alasiri nzima ya kupumzika kwa jamaa South B au Embakasi, kisha uende uwanjani na akili zako.

Ukipiga hesabu ya mlango hadi mlango, treni ya asubuhi na ndege ya usiku hufika saa ishirini na nane hivi. Kijana anayekwenda chuo ataziweza. Bibi wa miaka sabini, hapana. Basi la usiku silitaji kwa urefu: saa nane au tisa za Barabara ya Mombasa kabla ya saa tisa za ndege ni kujitesa bure.

Addis Ababa

Kwa kilomita inakaribiana na Nairobi, na ina faida ambayo watu hawaitaji: unamaliza uhamiaji wa Kenya Mombasa yenyewe. Mstari wa Uwanja wa Moi ni mfupi, maafisa hawana purukushani, na ukishapita hapo wewe ni abiria wa kubadilisha ndege tu hadi London. Ethiopian Airlines inakuuzia safari yote kwa tiketi moja, na kipande kirefu kwa kawaida hufanywa na Dreamliner au Airbus A350, zote ndege za kisasa.

Kwenye kusubiri ndipo pa kuangaliwa. Ndege ya London kwa kawaida huondoka Addis usiku wa manane au baada yake na kutua London alfajiri. Kutoka Mombasa hadi Addis ni saa mbili na robo hivi, kwa hiyo kila kitu kinategemea ile ya Mombasa inaondoka saa ngapi siku uliyochagua. Siku moja utapata saa tatu za kusubiri, siku nyingine utapata nane. Shirika hilo huwapa hoteli abiria ambao ratiba yenyewe imewalazimisha kukaa muda mrefu bila ndege ya mapema zaidi, lakini hiyo iulizwe siku ya kununua. Ukingoja kuiuliza kaunta ya Addis saa nne usiku umechelewa.

Jambo dogo ambalo kwa mtu wa pwani ni kubwa: uwanja wa Bole uko zaidi ya mita 2,300 juu. Usiku pana baridi, na anayetoka Mombasa na shati la mikono mifupi huanza kutetemeka kabla hajaiona Uingereza. Sweta na soksi ziwe kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye sanduku lililokwisha kwenda. Mwenye shida ya moyo au mapafu aulize daktari wake kwanza juu ya kukaa saa kadhaa kwenye mwinuko ule.

Kufika London alfajiri, wako wanaopenda na wasiopenda. Kama unapokewa na mtu mwenye kazi ya asubuhi, umemsumbua. Kama unaendelea kwa treni kwenda Leicester au Bristol, umepata siku nzima.

Istanbul

Hii ndiyo ningeichagua kama mwisho wa safari sio London. Watu wetu wengi Uingereza hawakai London. Wako Manchester, Birmingham, Edinburgh. Turkish Airlines inatua miji hiyo yote kutoka Istanbul, na anayeshuka Birmingham moja kwa moja ameepuka kuburuta masanduku kwenye treni za Waingereza kwa saa mbili baada ya usiku mzima wa ndege. Hapo zile kilomita 400 za ziada zinafutika mara moja. Emirates nayo ina orodha ndefu ya miji kama hiyo kutoka Dubai, ikiwemo Newcastle na Glasgow.

Vipande vyake vimegawanyika vizuri kuliko njia nyingine. Kipande kirefu, saa saba hivi, huja kwanza, nacho kwa kawaida huwa cha usiku wa manane au alfajiri kutoka Mombasa. Unalala. Unaamka Istanbul, unanyoosha miguu, kisha saa nne za mwisho unakuwa macho na unakula. Kwa mtu asiyeweza kukaa saa tisa mfululizo, mwenye magoti au mgongo, mgawo huu unamfaa. Wakati mwingine ndege hiyo huchanganya Mombasa na mji mwingine wa Afrika Mashariki, kwa hiyo soma kama kuna kituo katikati, maana saa moja ya kukaa chini na mlango wazi haimo kwenye kilomita nilizoandika.

Uwanja wa Istanbul ni mkubwa mno. Kutoka mlango hadi mlango unaweza kutembea nusu saa. Mzee aombewe kiti cha magurudumu tiketi inapokatwa, saa 48 kabla ya safari angalau, na aombewe kwa vipande vyote viwili. Ni bure. Wazee wetu wengi hukikataa kwa kuona ni aibu, na nawaomba watoto wao wakiombe tu: anayesukumwa hupitishwa mstari wa mbele wa ukaguzi na uhamiaji, na wewe mwenye kumsindikiza hupita naye. Kwa chakula na sala, Istanbul na Dubai hazina wasiwasi kwa Mwislamu: chakula ni halali bila kuagiza na vyumba vya kuswalia vipo kila upande.

Dubai na Frankfurt, kwa ufupi

flydubai ilianza kuja Mombasa Januari 2024, na kwa ushirikiano wake na Emirates unaweza kununua Mombasa hadi London kwa tiketi moja. Ni ndege ya Boeing 737, yenye njia moja katikati, kwa saa tano na nusu, kisha ndege kubwa kwa saa nane kasoro. Angalia unatua jengo gani Dubai, kwa kuwa baadhi ya safari za flydubai hutumia jengo la pili na Emirates iko la tatu, na kati yake ni basi. Kwa aendaye London tu, sioni sababu ya kuzunguka hivyo isipokuwa bei imeshuka sana. Kwa mfanyabiashara anayetaka kukaa siku mbili Deira kununua simu au vipuri kabla ya kuendelea, ni njia bora kuliko zote, na viza ya Falme za Kiarabu aitafute mapema.

Frankfurt ni njia ya watalii ambayo mwenyeji anaweza kuitumia. Discover Airlines, ya kundi la Lufthansa, huruka kati ya Frankfurt na Mombasa bila kutua Nairobi, lakini sio kila siku. Ukibahatisha siku, ni saa tisa hivi moja kwa moja hadi Ulaya, kisha saa moja na dakika arobaini London. Kabla ya kulipa, mwenye pasipoti yoyote ile aulize shirika kama anahitaji kibali cha kupita Ujerumani, na ajibiwe kwa maandishi. Njia hizi za kitalii huja na kuondoka. Mei 2014, serikali ya Uingereza ilipowaonya raia wake kuhusu Mombasa, kampuni za utalii za huko, Thomson na First Choice, ziliwaondoa wageni wao na kusitisha safari zao za hapa. Usipange harusi ya mwakani kwa kutegemea ratiba ya aina hiyo.

Mambo yakienda mrama

Kila kituo kimewahi kuwa na siku yake mbaya. Tarehe 11 Septemba 2024 mgomo wa wafanyakazi ulikwamisha abiria Nairobi. Januari 2022 theluji ilifunga uwanja wa Istanbul. Aprili 2024 mvua iligeuza Dubai kuwa ziwa. Machi 2025 moto kwenye kituo cha umeme uliifunga Heathrow yenyewe siku nzima, na hapo njia zote tano zilikuwa sawa. Kwa hiyo kuchagua kituo kwa kuogopa balaa ni kubahatisha. Tiketi moja ndiyo kinga, kwa sababu shirika lililokuuzia safari yote lina wajibu wa kukufikisha.

Kuna kinga nyingine ambayo mawakala wetu hawaitaji, nayo inatofautiana kwa njia. Sheria ya Uingereza inampa abiria fidia ya hadi pauni 520 kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 ikiwa amefika amechelewa zaidi ya saa nne na kosa ni la shirika, sio hali ya hewa au mgomo wa wengine. Sheria hiyo inashika ndege zote zinazoondoka Uingereza, za shirika lolote. Kwa zinazokwenda Uingereza kutoka nje ya Ulaya, inashika mashirika ya Uingereza na ya Umoja wa Ulaya tu. Maana yake, ukitoka Nairobi na British Airways umo ndani, na kutoka Mombasa na shirika la Kijerumani unalindwa na sheria ya Ulaya inayofanana nayo. Ukienda na Kenya Airways, Ethiopian, Turkish au Emirates, kipande cha kwenda London huna kinga hiyo, cha kurudi unayo. Tunza tiketi na picha ya ubao wa ratiba, udai ukifika.

Kurudi

Kurudi hugeuza mizani kidogo. Ukipitia Nairobi, unaingia Kenya pale Nairobi: mstari wa uhamiaji asubuhi ambapo ndege nyingi za Ulaya zimetua pamoja, kisha unahamia jengo la ndani kwa ndege ya Mombasa. Uliza London kabla ya kuachia sanduku kama utalikuta Nairobi au Mombasa, na usome lebo yenyewe, herufi MBA, alama ya uwanja wa Mombasa, ziwe za mwisho. Weka saa tatu hapo, zisiwe chini. Ukipitia Addis, Istanbul au Dubai, muhuri, sanduku na forodha vyote unavipata Uwanja wa Moi, na nje ya mlango ni watu wako. Kwa mama anayerudi peke yake na masanduku mawili ya zawadi, ningelipia kidogo zaidi apate hilo, hata kama kwenda alipitia Nairobi.

Na kama anarudi na wajukuu waliozaliwa kule, wenye pasipoti ya Uingereza peke yake, waombewe kibali cha kuingia Kenya, eTA, kwa mtandao siku kadhaa kabla. Tangu Januari 2024 ndicho kilichochukua nafasi ya viza, watoto nao wanakihitaji, na kaunta ya Heathrow inaweza kuwakatalia kupanda wasipokuwa nacho, hata kama bibi yao amezaliwa Kibokoni.